Shuka Jeupe Kwenye Uzio

4 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama amenikataza kukuandikia, na hasa hayo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua njema huanza kwa kumjulia mtu hali. Basi, hali yako? Sisi hatujambo, ila si kweli. Tumekasirika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu kila nikikuuliza jambo la maana unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Isitoshe, simu ya Mama ilitumbukia kwenye beseni la kufulia, na fundi anatuambia "kesho" kila siku bila hata kuona aibu. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia ya sufu ambaye ulimzalisha mkewe. Amekataa malipo. Amesema, "Mwambie mkunga mtoto ameota meno na ananing'ata."

Kufuli lao bado liko mlangoni kwenye kituo chetu cha uzazi. Ofisi ya afya imeweka na mlinzi, anakaa kwenye kiti cha plastiki pale tulipokuwa tunaanika mashuka. Watu wamembatiza jina la Kufuli wa Pili. Umeme wamekata. Matofali yale ambayo kina mama wa mtaa waliyabeba vichwani, na Mama akiwa mmoja wao, sasa yanalindwa ili kina mama hao hao wasiingie.

Na shuka ninalo mimi. Siku uliyoondoka lilikuwa bado kwenye uzio, nikalitoa mwenyewe nikalikunja. Unakumbuka uliponipa kazi hiyo? Ulisema, "Karani, wewe ndiye utakayekuwa mdomo wangu." Shuka likiwa kwenye uzio, mkunga yupo, na mtu akiwa kule juu barabara inapogawanyika analiona, anakata kulia kuja kwetu. Shuka likiwa halipo, asipoteze muda, akate kushoto kwenda hospitali. Sijawahi kukosea. Hata siku ya mtihani nilikuja kwanza kulitundika.

Sasa wote wanakata kushoto. Dada naye, na tumbo lake limeshuka kiasi kwamba anatembea kama bata, alikwenda hospitali wiki iliyopita kupimwa. Hakufika hata kwenye benchi. Mlangoni kuna muuguzi ambaye kazi yake ni kukagua vikapu. Akamwuliza Dada, "Glavu ziko wapi? Pamba? Wembe? Beseni je? Wewe umekuja kuzaa au umekuja kutembea?" Dada akasema amekuja kupimwa tu, siku zake bado. Muuguzi akamwambia, "Kapimwe kwa aliyekupa mimba." Foleni nzima ikacheka, Mama Mdogo. Wanawake wenye matumbo walicheka, kwa sababu aliyekuwa anachekwa siyo wao. Dada akarudi kwa miguu na hajala vizuri tangu siku hiyo.

Mwanamke anayefanya kazi kama ile mlangoni, usiku analalaje?

Nina swali moja. Mwenyekiti wa mtaa anasema ripoti iliyofunga kituo ina saini yako chini. Nimemwambia ni uongo. Nimemwambia mbele ya watu. Niambie nilikuwa sahihi.

Ni mimi mwanao,
Karani

10 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha kondakta na harufu ya vitunguu. Nimefurahi kuhusu meno ya mtoto. Mwambie baba yake ampe kitu kigumu cha kutafuna, siyo bega lake.

Mimi sijambo. Hospitali hii waliyonihamishia huku mbali ni kubwa, ina lifti, ingawa lifti yenyewe hupanda siku wakubwa wakija. Wamenipanga mapokezi kwa sasa. Kazi si mbaya. Nina chumba, nina dirisha, na dirishani ninaona paa la jikoni na paka watatu wanaogombana kama wajumbe wa kamati.

Kuhusu Dada yako, nisikilize vizuri na umsomee. Miguu ikivimba si neno, lakini uso na mikono vikivimba, au kichwa kikimuuma na macho yakaona ukungu, asingoje kesho, aende. Akiona damu, aende. Maji yakitoka, aende. Aende hospitali hiyo hiyo mnayoichukia. Vile vitu vyote alivyoulizwa avinunue kidogo kidogo aviweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Akifika mlangoni asijibu matusi, aoneshe ndoo. Najua inauma. Aoneshe ndoo.

Na wewe soma. Shuka lifue, likunje, uliweke kwenye sanduku la mama yako mbali na nondo.

Mambo ya saini ni mambo ya watu wazima. Tutaongea nikija.

Mama Mdogo

19 Februari

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo.

Umenijibu kuhusu paka. Nilikuuliza jambo moja tu, na wewe ukanijibu kuhusu paka watatu na nondo.

Kwa hiyo ni kweli. Ingekuwa uongo ungeandika "ni uongo", maneno mawili, na nafasi ilikuwepo pale chini ya ukurasa. Nimekuwa nikigombana na Mwenyekiti sokoni, dukani, hata mbele ya kina mama wa kanisani kwake, nikisema Mama Mdogo wangu hawezi. Na yeye ananiangalia kwa huruma, Mama Mdogo. Afadhali angenitukana.

"Asijibu matusi, aoneshe ndoo." Wewe ndiye uliyesema hivyo? Wewe uliyemfukuza baba wa watu kwenye chumba cha kujifungulia kwa sababu alimwambia mkewe anyamaze? Tulikuwa tunakusikia mpaka kisimani! "Hapa kwangu anayepiga kelele ni mwenye uchungu, wengine wote kimya!" Sijui wamekufanya nini huko kwenye lifti.

Mama anasema nipunguze ukali, kwamba mtu mzima ana sababu zake. Nikamwuliza ni sababu gani, akasema nikachote maji.

Basi nimefanya jambo. Jumanne baada ya shule nilitoa shuka sandukuni, nikalifua kwa sabuni ya mche mpaka likang'aa, nikaenda nalo kituoni. Kufuli wa Pili akaniuliza, "We binti, unataka nini?" Nikamwambia, "Naanika nguo. Au na kuanika kumefungwa?" Akakuna kidevu. Akasema yeye ameajiriwa kulinda mlango, uzio hakuambiwa. Nikalitundika pale pale pa siku zote, pembe zote mbili, likatanuka na upepo.

Ungeona! Mama muuza mkaa alisimama akapiga vigelegele. Wanafunzi wenzangu walilipigia saluti. Mwenyekiti alipita, akalitazama, akaangalia chini akaenda zake. Kila siku nalitundika asubuhi na kulitoa jioni kama zamani. Nataka walione. Nataka watu wa ofisi ya afya wakipita na gari lao lenye vioo vyeusi walione mpaka liwachome macho. Wewe umewaachia kituo. Mimi sijawaachia.

Karani

22 Februari, asubuhi

Karani,

Ukiisoma barua hii umesimama, usikae. Nenda kwenye uzio ulitoe shuka. Halafu rudi umalizie kusoma.

Umelitoa? Sikiliza. Hukutundika bendera. Mtaa mzima unajua kituo kimefungwa, ndiyo maana wanapiga vigelegele na saluti. Lakini mimi sikuliweka lile shuka kwa ajili ya mtaa. Niliweka kwa ajili ya wanaotoka mbali. Wanawake wa machimbo ya kokoto, wa mashambani kule ng'ambo, wanaokuja mjini mara moja kwa mwaka na mara hiyo moja ni ya kuzaa. Wao nani amewaambia habari za kufuli? Wao wanajua kitu kimoja, niliwafundisha mimi mwenyewe kwa mdomo wangu: ukiona jeupe, kata kulia. Mwanamke mwenye uchungu akifika pale juu barabarani hasomi hasira zako. Anasoma kwamba nipo. Na sipo!

Nimejaribu kila simu. Ya mama yako imelala kwa fundi. Ya shemeji yako iko safarini pamoja naye. Nimempigia Mwenyekiti, alipojua ni mimi akakata. Nimemkimbilia kondakta stendi nikiwa na sare ya kazi, na nitaandikiwa onyo kwa kutoka zamu. Waache waandike.

Unikasirikie unavyotaka. Una haki, na mengine tutayamaliza. Lakini litoe.

Mama Mdogo

25 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu. Alikuja siku ile ile uliyokuwa ukiniandikia.

Niliapa kukueleza kila kitu, kwa hiyo nakueleza.

Jumapili mchana nilikuwa nimekaa na Dada kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, namsuka. Mama alikuwa anazozana na Kufuli wa Pili kwa utani, anamwambia mkewe atamsahau sura. Tukasikia pikipiki inashuka kwa kasi kutoka barabarani. Nyuma ya dereva kulikuwa na wanawake wawili wamebanana, mmoja amemshika mwenzake asianguke. Aliyeshikwa ndiye mwenye uchungu. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko. Ni wa machimbo. Mwingine ni wifi yake.

Wifi akasema, "Tulikuwa tumeshakata kushoto. Ameliona shuka akampiga dereva mgongoni, kulia, kulia, mkunga yupo."

Mwenye uchungu akauliza, "Yuko wapi?" Akauliza akiniangalia mimi, sijui kwa nini mimi. Nilitaka ardhi inimeze.

Dereva akasema tumrudishe juu, twende hospitali. Mama akamwinulia gauni akatazama, akasema hakuna kurudi, kichwa kimeshafika. Mama amefagia kile chumba na kuosha kila kitu ndani yake tangu ulipokifungua, ameona watoto wengi wakija, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuona bila wewe. Alikuwa anasema, "Mdogo wangu angefanya nini, mdogo wangu angefanya nini," kwa sauti, kama mtu anayetafuta funguo.

Alizaa barazani, Mama Mdogo, nje ya mlango, juu ya khanga ya Dada na shuka lako. Ndiyo, nilikimbia kulitoa kwenye uzio wakati huo. Wakati huo ndipo lilipokuwa na kazi. Mtoto ni wa kike. Alilia mara moja, kwa hasira, na sote tukacheka huku tunalia, hata dereva.

Halafu damu haikukoma.

Mama alisugua tumbo kama unavyofanya. Akamweka mtoto kwenye ziwa. Akaniambia, "Kuna ile sindano ya kuzuia damu, iko ndani, kwenye kijokofu." Ndani! Sote tukaugeukia mlango. Unajua nani alivunja kufuli? Kufuli wa Pili. Aliokota jiwe akapiga mara nyingi mpaka likaanguka, halafu akasimama pembeni anatazama mikono yake. Sitamwita tena jina lile.

Niliingia mimi. Kila kitu kilikuwa ulivyokiacha. Kitanda kimetandikwa, saa ukutani imesimama. Nikafungua kijokofu na joto likanipiga usoni kama la chungu. Walikata umeme. Mama alinipokonya ile chupa ndogo, akaitazama, akasema hajui kama dawa hii bado ni dawa, na sindano hajawahi kuchoma. Akairudisha mezani. Mpaka leo anajiuliza kama alikosea. Alikosea? Usinijibu kwa upole.

Mwenyekiti alifika mbio akapigia hospitali kuomba gari la wagonjwa. Nilimsikia mwenyewe. Wakasema gari limepeleka wakubwa semina. Akauliza, semina ya nini inayohitaji gari la wagonjwa? Wakasema, ya uzazi salama. Akaiweka simu mfukoni taratibu sana, kama inayoweza kulipuka.

Aliyempeleka ni mama muuza mkaa, kwa gari la kukodi la mkaa wake, magunia yakiwa bado nyuma. Mama wa mtoto alilala juu ya magunia, wifi akambeba mtoto. Walipofika mlangoni yule muuguzi aliuliza kikapu kiko wapi. Mama muuza mkaa hakunieleza alimjibu nini, ila amesema walifunguliwa njia.

Yuko hai. Mpaka jana yuko hai. Hatuambiwi zaidi kwa sababu sisi si ndugu.

Jana ofisi ya afya walikuja na kufuli jipya. Mlinzi wamemfukuza kazi. Wanasema tukio hili ndilo ushahidi kwamba kituo ni hatari. Kituo! Kilikuwa kimefungwa! Daktari Mkuu wao atakuja kwenye mkutano shuleni kwetu Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi ujao, ili kifungwe moja kwa moja na jengo liwe stoo ya ofisi. Na wanataka kujua nani alitundika shuka. Mama amesema ni yeye. Amesema hivyo kabla sijafungua mdomo, na akanikanyaga mguu.

Nilikuwa na hasira na watu wote duniani nikashindwa kusema neno moja, "mimi".

Karani

2 Machi

Mwanangu,

Umesema nisijibu kwa upole. Nitajaribu, ingawa nilipofika pale mwenye uchungu alipomwambia dereva "kulia, kulia", ilinibidi nitoke nje.

Mama yako hakukosea. Dawa ile ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu, na mkono usiojua sindano si wa kuanzia hapo. Alisugua, akamnyonyesha, akatafuta gari. Mwambie hivyo kwa maneno yangu, na umwambie nimesema kwa sauti ya chumbani kwangu, ile ya kufika kisimani.

Sasa saini. Ni yangu.

Walikuja watu watatu na ripoti imeshachapwa. Nikaisoma yote, kila mstari, kama ninavyosoma kadi ya mjamzito. Kituo hakina gari. Kweli. Hakina maji ya bomba. Kweli. Hakina mkunga wa pili, na wa kwanza akilala hakuna wa zamu. Kweli kabisa, na nilikuwa nimelia machozi kwa hilo mara nyingi. Hakuna neno la uongo mle ndani, Karani. Nikafurahi! Nilidhani hatimaye kuna mtu ameandika mahitaji yetu kwenye karatasi yenye muhuri. Nikasaini kama mtu anayeagiza vitu dukani. Nilitegemea gari, bomba na mkunga wa pili. Wakaleta kufuli.

Kitu ambacho hakikuandikwa ni nani alipaswa kuvileta. Miaka yote nilikuwa nawaandikia wao hao hao. Wametunyima gari, kisha wakatufunga kwa kukosa gari. Ningefanya nini, nikatae kwamba hatuna gari? Nimeligeuza hili kichwani mpaka limechakaa na bado sioni pa kujilaumu, ila najilaumu. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umesimama sokoni unanitetea, na mimi nilipenda kutetewa.

La pili. Uliuliza mwanamke anayekagua vikapu mlangoni analalaje usiku. Halali. Mapokezi niliyokuambia ndiyo hiyo. Hospitali nzima ina wakunga wachache na wagonjwa wanalala wawili wawili kitandani, lakini mimi wamenisimamisha mlangoni kwa sababu nilitoka kwenye kituo "chenye kasoro", na hadi uchunguzi uishe nisiguse mzazi. Nauliza glavu, naandika, nasogeza mtu pembeni. Juzi nimemsogeza binti wa umri wa Dada yako. Siwatukani. Kwa muda nilijidanganya kwamba hiyo ni tofauti kubwa.

Sasa mambo ya kufanya. Nimeitafuta kanuni ya vituo vya uzazi, nikaisoma mpaka mwisho safari hii, na maandishi madogo pia. Inasema mkunga aliyesajiliwa akisimama mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya kikao na kuomba kituo kifunguliwe chini ya uangalizi wa hospitali, ofisi lazima iyapokee maombi na kuandika inakosa nini na lini itakileta. Mama yako akisimama, haitoshi. Mwenyekiti akisimama, haitoshi. Lazima awe mkunga.

Nimeomba ruhusa ya tarehe hiyo. Wamenikatalia. Nikiondoka bila ruhusa ni utoro kazini, na mkunga mtoro mwenye uchunguzi juu yake anaweza kufutwa kwenye daftari la wakunga. Nikifutwa, hata wakifungua kituo sitaruhusiwa kukanyaga mle ndani isipokuwa kuzaa, na kwa umri wangu hilo nalo lina mushkeli.

Sijaamua. Sikuahidi kitu, kwa hiyo usimwahidi mtu. Kuhusu mama yako kujitwisha shuka, yeye ni dada yangu mkubwa na tangu utoto hupenda kupigwa kwa ajili ya wadogo. Mwache kwanza mpaka nifikiri.

Mama Mdogo wako

7 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo.

Sikumwacha. Nisamehe kwa kutotii. Nilikwenda na sare ya shule kwenye ofisi ya afya, nikasema ni mimi. Karani wa pale, karani wa kweli, akaniuliza, "Alikutuma nani?" Nikasema, "Kufuli lenu." Akasema nina mdomo mrefu. Wataniita kwenye mkutano na Mwalimu Mkuu amekwisha kuambiwa. Mama alinichapa kofi moja, halafu akanipikia.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nilikukasirikia kwa ajili ya mlango ule, sana. Niliwaza yule binti uliyemsogeza pembeni ana mdogo wake nyumbani anayeandika barua kama zangu. Mara ya mwisho nilikasirika pamoja na wewe, na ni tofauti, inachosha kidogo. Kwa Mwenyekiti nimekwenda kumwambia alikuwa sahihi kuhusu saini. Akasema, "Haya, yameisha. Mwambie mkunga akipiga simu sasa nitapokea."

Juzi walituruhusu kumwona mama wa machimbo. Walimtoa kizazi ili damu ikome. Huyu mtoto ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Ana umri wa Dada, Mama Mdogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga vizuri kama insha, na yote yakanipotea mlangoni. Nikasema tu, "Ni mimi niliyetundika."

Akasema, "Najua. Wifi aliniambia kuna msichana alilia kuliko mimi." Nikamwuliza kwa nini hakuendelea na kushoto, walikuwa wameshakata. Akasema mama yake mzazi alikwenda kushoto. Alisogezwa kando ya mlango ule kwa sababu ya beseni, akafia kwenye benchi, na beseni jipya lilikuwa njiani linaletwa. "Mimi ningekata kulia hata kama shuka lingekuwa kijivu," akasema. Halafu akanikabidhi mtoto nimshike, na akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Shuka lako lilikuwa jeupe sana, mdogo wangu. Siku nyingine tundika na mkunga."

Hakucheka. Sikujua kama nicheke.

Atakuja kwenye mkutano, akiwa na nguvu. Mlinzi wetu atakuja, amesema hana tena kazi ya kupoteza. Mama muuza mkaa atakuja na gari. Watasema yote. Lakini nimeisoma kanuni uliyonieleza, na najua wote hao wakisimama mpaka jua lizame, bado haitoshi.

Dada amelala hapa nyuma yangu ninapoandika. Tumbo limekuwa gumu tangu asubuhi kisha likalegea. Mama anasema ni uchungu wa uongo, wa kweli haujafika, labda wiki moja, labda pungufu. Ndoo yake iko tayari yenye mfuniko. Kila kitu kimo. Kila mara anafungua anatazama, kana kwamba kuna kitu kitakachokuwa kimetoroka.

Shuka nimelifua. Damu imetoka karibu yote, kumebaki kivuli upande mmoja, na Mama alisema tulikate tulifanye vitambaa. Nikakataa. Limekauka, nimelikunja, liko hapa mezani chini ya kiwiko changu. Tangu siku ile sijalitundika kwenye uzio, na sitalitundika tena kwa hasira. Nimeelewa sasa kazi yake ni moja tu.

Basi la kwenu la Ijumaa hufika hapa jioni, mkutano ni Jumamosi. Kondakta atakupa barua hii mkononi mwako, pale mlangoni, na nimemwambia asiondoke bila jibu. Nijibu hata nyuma ya bahasha hii hii, neno moja linatosha: Jumamosi asubuhi, nilitundike?

Mwanao,
Karani